Kufuli la Chumba cha Injini

Ndugu zetu, mabibi na mabwana, wenye nyumba na wapangaji, tulieni kidogo. Aliye na kikombe mkononi na anywe tu, asimwage, kwa maana habari hii inaanzia kwenye chai.

Ilikuwa asubuhi nzuri. Jua lilikuwa limeingia jikoni na kujilaza juu ya meza kama mtu wa familia. Birika lilifuka taratibu. Dada alikuwa ameshapanga vikombe, akakaa na mikono mapajani. Mdogo wake, ambaye kila mtu alimwita Fundi, alikaa upande wa pili amenyoosha miguu. Ukiwatazama ndugu wawili wale walivyotulia, ungesema nyumba hiyo ndiyo yenye raha kuliko zote za mtaa ule.

Ungekosea. Walikuwa wanasubiri sukari.

Sukari ilikuwepo, tena tele. Ilikuwa kabatini, na kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo ulikuwa kiunoni kwa Nahodha, mume wa Dada, aliyekuwa bafuni akioga. Na bafuni, sikilizeni vizuri, alikuwa ameingia na funguo zake zote. Zilisikika zikigonga ndoo.

"Akitoka, chai itakuwa imepoa," alisema Fundi.

"Kunywa hivyo hivyo."

"Dada, wiki nzima nakunywa hivyo hivyo."

"Basi umeshazoea, unalalamika nini?"

Tusimwonee Nahodha. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa kupiga mke, wala hakurudi nyumbani akinuka marashi ya watu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakumwamini mtu yeyote anayepumua. Alifunga kabati, alifunga stoo ya mkaa, alifunga redio ndani ya sanduku kisha akalifunga sanduku. Ukienda kumtembelea, ulitoka pale ukijipapasa mifuko mwenyewe, usije ukawa umeiba kitu bila kujijua. Funguo alizifunga kwenye mkanda, na zilikuwa nyingi kiasi kwamba watu walimsikia kabla ya kumwona. Jambo hilo lilikuwa na faida zake, hatutazieleza hapa.

Sasa tuseme machache juu ya boti ya Nahodha, kwa heshima, maana ni marehemu.

Marehemu aliundwa na baba yake Nahodha, seremala, kwa mbao nzito zilizochaguliwa moja moja. Jina lake lililoandikwa kwa rangi lilifutwa na maji, watu wakamwita Ajuza kwa sababu ya kikohozi alichokuwa nacho akipandisha mto. Kazi yake ilikuwa kuvuta magogo. Huko juu wakataji waliyafunga magogo pamoja yakawa kama uwanja unaoelea, Ajuza akayakokota mpaka kiwanda cha mbao. Yaani yeye mwenyewe ni mbao, na kazi yake ni kuwapeleka ndugu zake kwenye msumeno. Hakuwahi kulalamika. Mwaka wa mafuriko alibeba watu kutoka juu ya mapaa. Siku nyingine alikinasua kivuko kilichokwama kwenye tope, abiria wakampigia makofi kama mchezaji mpira. Familia nzima ilikula kutokana na mgongo wake.

Chumba cha injini kilikuwa chini ya sitaha. Uliingia kwa mfuniko wa mbao, ukashuka ngazi ya kusimama wima. Nyuma kabisa mzee aliacha kijimlango cha kutambaa, ili aliye ndani asitegemee njia moja. Huko chini ndiko alikofanya kazi Fundi, yeye na injini iliyotolewa kwenye lori, na joto ambalo lingemwivishia mtu mayai mfukoni. Juu kulikuwa na Nahodha kwenye usukani, na mtu mzima mwenye kitambi na mdomo usiopumzika aliyeshika kazi ya kamba za kuvutia, na kwa hiyo akaitwa Kamba. Hao watatu ndio waliokuwa wafanyakazi wote.

Basi, asubuhi hiyo ya chai isiyo na sukari, walipofika kwenye boti, Nahodha alichovya fimbo yake ya kupimia kwenye tangi, akaitoa, akaitazama kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Mafuta yamepungua."

"Injini inakunywa, Shemeji," alisema Fundi.

"Usiku? Inakunywa usiku, imelala?"

"Tangi linavuja. Nimeona unyevu kwenye mshono wa chini. Tulitoe tukalichomelee, siku moja tu tunamaliza."

"Nyoosha mikono."

Fundi alinyoosha. Nahodha aliinama akanusa wa kulia, kisha wa kushoto, kwa umakini wa daktari.

"Inanuka dizeli."

"Shemeji, mimi ni fundi wa injini. Ulitaka inuke maua?"

Kamba alipasuka kicheko, na kwa kosa hilo akanuswa na yeye. Alinuka vitunguu, akaachiliwa.

"Shuka basi uone mwenyewe," alisema Fundi.

Nahodha alishuka na tochi. Alimulika nyuma ya betri, akainua matambara, akachungulia ndani ya ndoo ya mchanga. Alikuwa anatafuta madumu yaliyofichwa. Mshono wa tangi ulikuwa mbele ya pua yake, unang'aa kwa mafuta, na hakuutazama. Alikuja kumtafuta mwizi, na mshono si mtu.

Jioni ile aliwaambia wenye boti wote pale gatini kwamba shemeji yake anamwibia mafuta. Aliwaambia mmoja mmoja, kwa huruma, kama anayetangaza ugonjwa wa ndugu. Kesho yake Fundi alipopita, mazungumzo yalikatika. Mama Tishari, mwanamke mwenye boti kubwa kuliko zote, alimtazama mikono kabla ya kumtazama uso. Hapo Fundi alielewa kwamba mlango umefungwa hata huko nje. Angeacha kazi leo, nani angemweka mwizi wa mafuta karibu na tangi lake? Na asipopata kazi, ataishi wapi kama si kwa Dada, ndani ya nyumba ya mtu yule yule?

"Ondoka tu, uende mbali," Dada alimwambia.

"Nikiondoka nitakuwa nimekiri."

"Na ukibaki?"

Fundi alivaa viatu, akaenda kazini.

Alichokikuta kazini ni nyundo. Nahodha alikuwa amekipigilia mbao kijimlango cha nyuma, kwa maelezo kwamba mafuta yanapitia pale. Na kwenye mfuniko wa juu alikuwa ameweka pete za chuma na kufuli.

"Kuanzia leo ukishuka, nafunga," alisema. "Tukifika kiwandani, nafungua. Mafuta yasipopungua, tutakuwa tumeshajua."

"Na nikibanwa na mkojo?"

"Kuna kopo."

"Nahodha," alisema Kamba, na safari hii hakuwa anatania, "mtu hafungiwi na injini."

"Wewe shika kamba zako."

Dada alipopata habari hakungoja mumewe avue viatu.

"Umemfungia mdogo wangu kama kuku?"

"Nimefunga mafuta. Yeye yuko nayo tu."

Jamani, tusikimbilie kucheka. Mara ngapi mtu amefungiwa katika nyumba zetu, na sisi tukasema tumefunga mali?

Huko chini siku hazikuwa na asubuhi wala jioni. Mwanga uliingia kwa nyufa za sitaha, vipande vyembamba, na kila Kamba alipopita juu vilizimika na kuwaka. Jasho lilimwingia Fundi machoni, naye hakuwa na mkono msafi wa kulifutia. Alizijua mbao zote zilizomzunguka, ipi ina fundo, ipi ina msumari wenye kutu. Nahodha akitaka nguvu zaidi, alipiga kengele. Fundi akitaka kusema kitu, aligonga dari kwa spana. Kamba alilala kifudifudi juu ya sitaha na kuongea naye kupitia ufa.

"Mfungwa, habari za ndani?"

"Ndani moto. Huko nje kukoje?"

"Kuna upepo mzuri sana, ngoja nikupulizie." Na akapuliza kweli, pumzi yote ya kitambi chake, ikaja na harufu ya vitunguu.

Fundi alicheka. Kisha Kamba aliitwa akaondoka, na kicheko kile kikabaki kimemkwama kifuani hakina pa kwenda.

Mafuta nayo yaliendelea kupungua. Mtu mwingine angefikiri upya. Nahodha alinunua kufuli kubwa zaidi.

Kila jioni Fundi alipotolewa alirudia maneno yale yale. "Shemeji, yanashuka chini ya mbao za sakafu. Yanaelea juu ya maji ya huko. Nikipiga pampu, maji yanatoka yana rangi za upinde wa mvua." Na kila jioni Nahodha alijibu kwamba boti zote za mtoni zinatoa rangi, kisha akamnusa.

Siku ya msiba ilikuwa ya jua kali, hakuna wingu. Mahali mto unapopinda, magogo yalikwama kwenye mchanga. Nahodha alipiga kengele kutaka nguvu. Fundi alizidisha moto wa injini. Kengele ililia tena, akazidisha. Ajuza alitetemeka mwili mzima, spana zikacheza kwenye misumari yake, bomba la moshi likaanza kuwa jekundu. Kengele ikalia tena.

Fundi aligonga dari: yatosha. Kengele ikajibu: ongeza.

Akaongeza, na akiwa bado ameshika mkono wa injini, aliuona mshono wa tangi ukifunguka. Ulifunguka kimya kimya, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema kitu. Uzi wa dizeli ukachuruzika juu ya bomba jekundu. Kwanza ulitoka moshi mweupe. Kisha moto.

Alizima injini. Alimwaga mchanga wote wa ndoo. Koki ya tangi ilikuwa ndani ya miali. Aliingiza mikono yote miwili akaikaza, na ngozi ya viganja vyake ikabaki kwenye chuma. Hata hivyo alichelewa. Mafuta yaliyovuja siku zote zile, yale yaliyoitwa ya wizi, yalikuwa yamelala chini ya sakafu yakisubiri, na sasa yaliamka yote pamoja. Moto ulipanda kwenye nafasi za mbao.

"Moto! Shemeji, fungua! Moto!"

Juu, sauti ya Nahodha: "Nani amezima injini?"

"Fungua!"

"Unataka kutoka, eh? Ujanja huo naujua."

"Nahodha!" Hiyo ilikuwa sauti ya Kamba. "Moshi huu unaotoka hapa ni ujanja pia?"

Ndipo zikasikika mbio, na funguo. Fundi alitambaa mpaka kwenye kijimlango cha nyuma, akapiga mbao kwa spana kubwa. Hazikutikisika. Nahodha hakuwa mtu wa misumari mifupi. Alirudi, hewa ikiwa imekaribia kwisha, akapanda ngazi, akabandika mdomo kwenye ufa ule ule wa Kamba. Juu yake funguo zililia, na kati ya mlio na mlio alimsikia shemeji yake.

"Siyo huu." Chwee. "Siyo huu." Chwee. "Huu... huu wa kabati. Siyo huu."

"Toka hapo nipige shoka!"

"Ngoja, ngoja, mfuniko huu aliutengeneza baba!"

"Basi mtu ataiva chini ya mfuniko wa baba yako! Toka!"

Kikasikika kishindo cha mtu kusukumwa, na si mtu mwepesi. Kisha shoka. Kamba alikuwa mvivu wa kila kitu maishani mwake, lakini siku ile alipasua mbao za marehemu seremala kama mkate. Jua likaingia, mkono mnene ukamshika Fundi ukosi, na akatoka kupitia vibanzi kama anayezaliwa, akikohoa, nusu ya shati imebaki nyuma.

Hawakuwa na pa kukimbilia isipokuwa nyuma, juu ya magogo. Waliruka. Kamba alimpa Nahodha shoka, akamwonyesha kamba ya kuvutia.

"Kata wewe. Boti ni yako."

Nahodha aliikata. Ajuza akasogea kidogo, akaegemea mchanga, akawaka. Waliokuwa ukingoni walisema mbao zile zilikuwa zimekunywa mafuta miaka mingi kiasi kwamba hata maji ya pembeni yalionekana kuungua.

Watu watatu wakakaa juu ya magogo, katikati ya mto, hawana usukani wala kamba. Fundi alishika mikono yake hewani mbele yake, kama mtu aliyebeba kitu. Kisha aliuliza:

"Ufunguo. Ulikuwa upi?"

Nahodha alizipapasa funguo kiunoni, zote, akaziacha.

"Haukuwa hapa. Niliutenga. Uko mfukoni mwa koti la mvua, chumba cha usukani. Niliuficha usije ukaibwa."

Wote watatu walitazama chumba cha usukani. Paa lake lilikuwa linaanguka.

Fundi alianza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na kikohozi kilipokwisha alikuwa analia.

Ndugu zetu, hapa wengine wangemaliza hadithi. Boti imeungua, mtu ameokoka, twende nyumbani. Lakini Fundi hakuwa ametoka bado. Alipokuwa hospitali, viganja vimefungwa bendeji mpaka akalishwa kwa kijiko, alisikia maneno ya gatini yakipita dirishani: yule mwizi wa mafuta amechoma boti. Madumu yake yalishika moto, walisema. Mfuniko wa Ajuza ulikuwa umepasuka, huu mwingine wa maneno ulikuwa bado mzima juu ya kichwa chake.

Dada aliyasikia pia. Alimkuta mumewe amekaa barazani, hana pa kwenda.

"Watu wanasema mdogo wangu amekuchomea boti."

"Mimi sijasema."

"Ulisema la kwanza. Hilo la pili limezaliwa na la kwanza. Nenda kalifute."

"Mke wangu, nitawaambiaje watu..."

"Uliwaambia mmoja mmoja kwamba anaiba, ukapata maneno. Leo yamekuishia?" Alikuwa ameshika kifurushi cha nguo. "Mimi naenda hospitali. Nitarudi hapa ukiwa umeshasema. Usiposema, sirudi."

Siku ambayo Fundi alitolewa hospitali, Dada alimpitisha gatini makusudi. Wenye boti walikuwepo, na wapakiaji, na Kamba aliyekuwa ameshapata kibarua kwenye boti ya Mama Tishari. Nahodha alikuwa amesimama juu ya gogo ili aonekane. Alikuwa anatoka jasho kuliko mtu wa chumba cha injini.

"Jamani," alisema, "tangi langu lilikuwa linavuja."

"Sema kwa sauti!" alipiga kelele Kamba. "Huku nyuma tunasikia upepo tu!"

"Tangi lilikuwa linavuja! Aliniambia, sikusikia. Aliniambia tena, nikamfungia chini. Hakuiba hata tone. Mimi ndiye niliyemwita mwizi, mimi ndiye niliyepigilia mlango, na moto ulipowaka sikujua ufunguo uko wapi. Baba yangu aliunda boti ile. Mimi ndiye niliyeichoma."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alikohoa. Nahodha alishuka kwenye gogo, akateleza, akashikwa kiwiko na Dada, ambaye hakumwachia.

Mama Tishari alimsogelea Fundi. Safari hii alimtazama usoni kwanza, kisha mikono.

"Itashika spana tena?"

"Wa kushoto ndiyo. Wa kulia wanasema haufungi vizuri tena."

"Nina watu wa kukaza nati. Ninayemkosa ni mtu wa kuniambia kitu kinapovuja."

Fundi aliitazama boti kubwa ya mama huyo iliyofungwa pale.

"Mlango wa chumba chako cha injini unafungwaje?"

"Haufungwi. Komeo lilivunjika zamani. Upepo ukivuma unagonga kutwa nzima, unatukera sana."

"Usilitengeneze," alisema Fundi. "Nitakuja Jumatatu."

Funzo, kwa wenye kufuli na wanaofikiria kununua

Anayemshuku kila mtu hulinda kila kitu isipokuwa kile kinachomponyoka. Nahodha alilinda mafuta dhidi ya shemeji yake, na mafuta yakampitia miguuni. Kwa hiyo, mtu wako wa kazi au wa nyumbani akikwambia kuna kitu kinavuja, chukua tochi ukitazame kile kitu, si mikono yake.

Usimfungie binadamu mlango kwa nje, awe mfanyakazi, mtoto, mke au mgonjwa, hata kama una sababu nzuri na kufuli zuri zaidi. Moto hausubiri mtu atafute ufunguo.

Na neno la kumwita mtu mwizi ni kufuli pia. Ukishalifunga mbele za watu, wewe peke yako ndiye unayeweza kulifungua, na itakubidi ulifungue mbele za watu wale wale, hata kama gogo linateleza. Shoka la Kamba lilimtoa Fundi kwenye moto. Kumtoa kwenye jina lile, hakuna shoka lililoweza.